Gramu Nne

Mimi ni mwoka mikate, Punta Arenas,
mji ambao upepo ukichachamaa
hufungwa kamba kandokando ya njia, watu wapate cha kushika.
Napima chumvi kwa gramu.
Tanuri nalijua kwa kiganja,
na mikate mia nne naihesabu gizani, sikosi hata mmoja.

Daktari wa meno aliniambia: ziba ufa.
Nikamwambia baada ya Pasaka.
Ijumaa usiku ukuta mzima ukaniangukia kinywani,
gego la chini, kushoto,
na kliniki imefungwa hadi Jumatatu.

Saa tisa usiku, vidonge viwili.
Saa kumi na moja, viwili tena, maana vya kwanza vilichelewa.
Saa moja asubuhi viwili, maana nilikuwa nalia
na machozi yanaharibu unga.

Adhuhuri shemeji yangu Hortensia akaja na kipakiti cha mafua,
unga wa limau, maji ya moto.
Sina mafua, nikasema.
Kunywa tu, dawa ni dawa.
Nikanywa. Jioni nikanywa kingine.
Kisha Radomir wa karakana, mtu wa mgongo mbovu,
akanipa viwili vya kwake, vya manjano, jina jingine kabisa,
akanipigapiga begani kama anayenipa urithi.

Haba na haba.

Saa tatu usiku niko duka la dawa, nataka boksi jipya.
Danitza hakunipa.
Alisema: toa vyote mfukoni.
Nikatoa: boksi, vipakiti vitupu, karatasi ya Radomir.
Akavaa miwani, akavigeuza, akasoma maandishi ya mgongoni,
yale madogo kama mayai ya chawa.
"Parasetamoli," akasema.
Akasoma cha pili. "Parasetamoli."
Cha tatu sikumsubiri. Nilisoma midomo yake.

"Jina la mbele ni kofia, Eleuterio. Uso uko huku nyuma."

Akaandika kwenye risiti, kama mimi niandikavyo madeni ya mikate:
tatu, na moja, na moja, na moja.
Gramu sita.
Mwisho ni nne, saa ishirini na nne,
kwa mtu mzima mwenye ini zima, asiyelala na chupa.
Gramu nne!
Chumvi ya andazi moja.

Nikamwambia sijambo, ni jino tu.
"Jino lina mdomo," akasema, "ini halina.
Leo utakula, kesho utacheka,
keshokutwa macho yako yatakuwa rangi ya yai.
Nenda hospitali sasa. Usisubiri kuumwa."

Nilikwenda nimeshika kamba.

Walinitoa damu, wakaitazama, wakanitundikia dripu,
nikalala nikihesabu matone mpaka nikapotewa na hesabu,
mimi, mtu wa mikate mia nne.
Huku kwetu ukisikitishwa sana husema umekatwa maini.
Nilikuwa nimeshika kisu mwenyewe,
na nilikuwa ninakinoa kila baada ya saa mbili.

Ini likapona. Gego likang'olewa Jumatano.
Nilimwuliza Danitza juu ya ile nyingine, ibuprofeni, nimpe mama kwa magoti.
Akauliza mama anatumia nini.
Dawa ya kulainisha damu, nikasema, na figo zake zimechoka.
"Basi usimpe. Mlete, nizungumze naye."
Duka zima lina dawa, na mwenye kuuza anakataa kuuza.
Sikuwahi kuona biashara ya namna hiyo. Mimi mkate simnyimi mtu.

Sasa kwenye ubao wa tanuri,
chini ya saa ya kukanda na saa ya kuumua,
kuna mstari wa tatu:
nini, ngapi, saa ngapi.
Mara nyingi uko mtupu.

Jana Radomir kaja, bega linamuuma, kanyoosha mkono.
Nikamwuliza umekunywa nini tangu asubuhi.
Akacheka, akaniita polisi.
Nikampa chaki.